Akiba inayogoma kufunguka: historia ya nakala za kompyuta kila Windows inapobadilika

UVIRA, Kivu ya Kusini – Familia za huku zinajua maana ya kupoteza makaratasi. Mwezi wa Oktoba 1996, vita vilipoingia Uvira, watu wengi walivuka Ziwa Tanganyika kwenda Kigoma, ambako kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka uleule. Kuna waliofika na diploma ndani ya mfuko wa plastiki, na kuna waliofika mikono mitupu. Kati ya tarehe 16 na 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika ukabomoa nyumba kwa mamia, na vyeti vilivyokuwa ndani vikaenda na maji.

Ndiyo sababu leo watu wengi, kuanzia mjini hadi kwenye milima ya Mulenge, hupiga picha makaratasi yao na kuyaweka kwenye kompyuta, kwenye flashi au kwenye diski ya nje. Parokia zinafanya hivyo kwa vitabu vya ubatizo, shule kwa matokeo ya wanafunzi. Ni jambo jema. Lakini nakala ni nusu tu ya akiba. Nusu ya pili ni programu inayoweza kuifungua, na hiyo mara nyingi hufa siku kompyuta inapobadilishiwa mfumo.

Jambo hili limekaribia kwetu. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya kulinda Windows 10. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inadai kompyuta iwe na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kompyuta nyingi za zamani hazina. Basi wenye kompyuta wanafomati, wananunua nyingine ya mitumba, au wanamwachia fundi afanye anavyojua.

Kwa nini programu ya akiba ndiyo huumia zaidi? Programu ya kuandikia barua hukaa juu ya mfumo, kama mpangaji ndani ya nyumba. Programu ya akiba huchimba mpaka kwenye msingi, kwa kuwa lazima isome diski nzima wakati kompyuta inaendelea kufanya kazi. Msingi ukibadilishwa, yeye ndiye wa kwanza kuanguka. Tena, nyingi hazihifadhi picha na barua zikiwa kama zilivyo. Huzikusanya zote ndani ya faili moja kubwa, mfano wa gunia lililoshonwa kwa fundo ambalo mshonaji peke yake anajua kulifungua.

Historia ya mafundo hayo ni ndefu. Mwaka 1983 mfumo wa DOS ulipata amri mbili, BACKUP ya kuhifadhi na RESTORE ya kurudisha. Mwaka 1993, MS-DOS 6 iliondoa BACKUP na kuleta programu mpya, lakini iliiacha RESTORE ili mwenye disketi za zamani asikwame. Huo ulikuwa uungwana: mlango ulibadilishwa, ufunguo wa zamani ukabaki.

Miaka miwili baadaye uungwana huo ulipungua. Windows 95 ilitoka Agosti 1995 na programu yake ya akiba, nayo haikuweza kusoma akiba zilizofanywa na MS-DOS 6. Mtu aliyehifadhi kazi yake jana, leo alikuwa na disketi nzima nzima ambazo kompyuta mpya haizielewi.

Kisa kilichogusa watu wengi zaidi ni cha NTBackup. Programu hiyo ilikuja na Windows NT, ikaendelea kwenye Windows 2000 na XP. Mafaili yake huishia na herufi bkf. Mwezi wa Januari 2007 Windows Vista ilipoanza kuuzwa kwa watu wote, NTBackup haikuwamo, na programu mpya haikufungua bkf. Microsoft ililazimika kutoa programu ya pembeni, ya kurudisha tu. Windows 7 ilipokuja mwaka 2009, ikahitaji nyingine yake. Mwenye intaneti nzuri aliipakua. Asiyekuwa nayo, au asiyejua kwamba ipo, aliona akiba yake imekufa.

Hata mataifa tajiri yamenaswa. Mwaka 1986, Uingereza ilikumbuka miaka 900 ya Domesday, kitabu cha hesabu ya ardhi cha mwaka 1086. Shirika la BBC lilikusanya habari za nchi nzima kwenye diski za leza. Kufikia mwaka 2002, mashine za kusoma diski zile zilikuwa zimekwisha karibu zote, wataalamu wakahangaika kuziokoa. Kitabu cha ngozi cha karne ya 11 kilikuwa bado kinasomeka.

Kwa familia iliyohama mara tatu, somo la historia hii ni la nyumbani kabisa. Cheti cha kuzaliwa, karatasi ya kiwanja au picha ya marehemu baba haiwezi kutolewa tena kwa urahisi, hasa ofisi iliyoitoa ikiwa imeungua au karani wake amehama.

Kabla ya kukubali kompyuta ifomatiwe, mwenye akiba aulize imefanywa na programu gani, aandike jina lake na neno la siri kwenye daftari. Kisha aifungue akiba hiyo kwenye kompyuta nyingine yenye mfumo mpya, aone cheti kwa macho yake. Ile ya zamani isifutwe kabla ya hapo. Tena, yale makaratasi ya maana yawekwe pia wazi, nje ya gunia: picha kama picha ya JPEG, barua kama PDF, ambazo karibu kila simu inazifungua. Nakala moja ibaki nyumbani, nyingine ikae kwa ndugu wa kuaminika aliye mbali, Bukavu, Bujumbura au Kigoma.

Na karatasi yenyewe, kama ingalipo, isitupwe.