11,503: Namba Tasa

Chukua namba 11,503. Ndiyo idadi rasmi ya watu wa Mau Mau waliouawa, kama ilivyo kwenye ripoti ya F. D. Corfield iliyotolewa na serikali ya Uingereza mwaka 1960.

Jaribu kuigawanya. Kwa 3 inabaki 1. Kwa 7 inabaki 2. Kwa 71 inabaki 1. Nimeijaribu hapa Kerugoya na kalkuleta ya simu, kwa namba tasa zote 28 kuanzia 2 hadi 107. Huhitaji kwenda mbele zaidi, kwa sababu 109 mara 109 tayari inaipita. Hakuna iliyoigawa. 11,503 yenyewe ni namba tasa: inagawanyika kwa 1 na kwa yenyewe, basi.

Kihisabati hiyo ni bahati tu. Kwenye ukubwa huo, karibu namba moja katika kila tisa ni tasa. Lakini hebu fikiria inavyosomeka. Wangeandika 11,500, ungejua wamekadiria. Ile 3 ya mwisho inakuambia kuna karani aliyekaa na daftari akahesabu maiti moja baada ya nyingine. Namba kama hiyo inakufunga mdomo.

Sasa uliza ilihesabu nani. Ilihesabu waliohesabiwa kuwa Mau Mau. Kuanzia Juni 1954, zaidi ya watu milioni moja wa Kiambu, Murang'a, Nyeri na Embu walihamishwa kwa nguvu wakaingizwa kwenye vijiji zaidi ya 800. Kirinyaga yetu wakati huo ilikuwa sehemu ya Embu. Nyumba za zamani zilichomwa, mahandaki yakachimbwa kuzunguka vijiji, na kwenda shamba kukawa kwa ruhusa. Njaa ikaingia, magonjwa yakafuata. Mtoto aliyekufa humo hakuwa Mau Mau, kwa hivyo ile 3 ya mwisho haimhusu.

Mwaka 2007, mtaalamu wa takwimu za watu John Blacker alipitia sensa, zikiwemo za wakoloni wenyewe za 1948 na 1962, akitafuta watu ambao walipaswa kuwepo na hawakuwepo. Alipata vifo vya ziada kama 50,000, na karibu nusu yao ni watoto wa chini ya miaka 10. 50,000 inagawanyika kwa 2, kwa 5, kwa 8, kwa 10. Haijifanyi kuwa kamili. Na bado iko karibu zaidi na ukweli kuliko ile tasa.

Tarehe 6 Juni 2013, London ilikubali kwamba kulikuwa na mateso, ikalipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wadai 5,228. Hiyo ni shufwa, na kila mmoja ndani yake ana jina. Lakini wanaodai fidia ni waliobaki hai.

Kwa Kiswahili, tasa pia ni asiyezaa. Hesabu ya Corfield ni tasa kwa maana zote mbili: huwezi kuitoa jina hata moja. Kwa hivyo Disemba ukirudi nyumbani, muulize shosho kwao walizaliwa wangapi, na waliotoka kijijini walikuwa wangapi. Hiyo ni kutoa ya darasa la kwanza. Andika jibu, na uandike majina.