Habari ya Bei na Uwezo wa Kungoja

Wanaoandika juu ya maendeleo ya vijijini wamezoea kudhani kwamba mkulima akishapata simu, akaijua bei kabla tajiri hajamfikia, nusu ya dhiki yake imekwisha. Na ushahidi wanaoutaja aghalabu ni wa wavuvi wa Kerala, huko Bara Hindi, aliouchapisha mchumi Robert Jensen mwaka 2007. Simu za mkononi zilipoenea katika pwani ile, baina ya mwaka 1997 na 2001, wavuvi walianza kuulizia bei wangali baharini. Tofauti ya bei baina ya bandari na bandari ikapungua, samaki waliokuwa wakitupwa kwa kukosa mnunuzi wakapata walaji, faida ya mvuvi ikaongezeka kwa asilimia 8 na bei ya mlaji ikashuka kwa asilimia 4. Ushahidi huo siupingi. Lakini una sharti ambalo wanaoutaja hulipita upesi: mvuvi yule alikuwa na hiari, kwani samaki walikuwa mali yake na chombo chake kiliweza kuelekea bandari nyingine siku ile ile.

Mkulima wa korosho wa Newala au Tandahimba, mkoani Mtwara, Tanzania, hana hiari ya namna hiyo kila mwaka. Tangu mwaka 2007 korosho za Mtwara huuzwa kwa stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka mzigo kwenye chama chake cha msingi, ukapimwa na kupangiwa daraja, ukahifadhiwa ghalani hadi mnada. Zamani wanunuzi walitia bei zao sandukuni, na sanduku, hata pasipo hila, halikosi kutiliwa shaka. Tangu msimu wa 2024 minada huendeshwa kwa mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania, bei zikaonekana hadharani, na wakulima wenyewe wakakubali au wakakataa. Hii ni hatua kubwa, wala haifai kubezwa.

Ila mnada humfaa aliyefikisha mzigo ghalani. Yupo mwingine ambaye, miti ingali na maua, alibanwa na ada ya shule au maradhi ya mzazi, akapokea fedha kidogo kwa mchuuzi wa kangomba, yaani anayenunua korosho kwa magendo nje ya ghala, akaahidi kumlipa kwa korosho zitakapoanguka. Serikali imeikataza biashara hiyo, nayo haikomi, kwa sababu katazo halilipi ada. Mtu huyu naye ana simu; ujumbe wa bei ya mnada humfikia sawasawa na jirani yake, nao humjulisha tu kiasi cha hasara yake.

Kwa hiyo naona tumeitukuza mno habari, tukausahau uwezo wa kungoja. Sheria ya stakabadhi ya mwaka 2005 iliruhusu stakabadhi iwekwe dhamana ya mkopo, lakini stakabadhi hupatikana baada ya mavuno, na dhiki huja kabla. Hapo ndipo mitambo ya leo ingeweza kufanya ambalo daftari la karani halikuweza: daftari la wakulima lililofunguliwa kwa ajili ya ruzuku ya pembejeo, likiunganishwa na hesabu ya kilo ambazo kila mmoja alizifikisha ghalani msimu hata msimu, lingempa mwenye benki sababu ya kumwamini mkulima asiye na hati ya shamba, akamkopesha kwa simu ile ile, mwezi ule ule ambao mchuuzi humbishia hodi.