Picha na Nyumba Yake

Ukiingia katika nyumba nyingi za watu huona picha ukutani: arusi ya wazazi, babu aliyeketi kitini, au mtoto siku aliyomaliza shule. Wengi hudhani ya kuwa fremu ni pambo tu, kama kitambaa cha mezani. Sisi nasi tulidhani hivyo, hata siku moja tukaitwa na mama mjane tumfungulie fremu ya picha ya marehemu mumewe, apate kuipeleka mjini itolewe nakala. Tulipong’oa misumari tukaona picha imeshikamana na kioo. Tukaivuta polepole, lakini uso wa marehemu ukabaki kiooni, na karatasi ikabaki mikononi mwetu. Wala mama yule hakuwa na picha nyingine. Tangu siku ile tulitaka kujua habari za fremu, na leo twawapa wenzetu haya tuliyoyapata.

Picha ya kamera iliyo ya kale kuliko zote zilizosalia duniani ilifanywa na Mfaransa Nicéphore Niépce, mwaka 1826 au 1827, katika dirisha la nyumba yake kijijini Saint-Loup-de-Varennes. Aliifanya juu ya bamba la bati lililopakwa namna ya lami. Mwaka 1827 aliichukua Uingereza akaiacha huko, na baadaye ikapotea machoni pa watu, hata Helmut Gernsheim alipoipata mwaka 1952, imewekwa sandukuni, ingali ndani ya fremu. Sasa imehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Texas, mjini Austin, Marekani, ndani ya kasha lisilopenyeza hewa.

Mwaka 1839 njia ya Mfaransa mwingine, Louis Daguerre, ilitangazwa mjini Paris. Picha zake zilifanywa juu ya bamba la shaba nyekundu lililopakwa fedha. Zilikuwa nzuri ajabu, lakini dhaifu: ukigusa kwa kidole picha yafutika, na fedha ikipata hewa huingia weusi. Kwa hiyo mafundi waliweka juu ya picha bamba jembamba la shaba ya manjano lililokatwa dirisha katikati, kisha kioo juu yake, wakaziba kingo zote nne kwa ukanda wa karatasi wenye gundi. Waingereza na Wamarekani walizitia katika vikasha vidogo vya mbao vilivyofunikwa ngozi. Wafaransa wengi walipenda fremu za kutundika. Basi tuangalie neno hili: lile dirisha la shaba lilipendeza macho, lakini kazi yake kubwa ilikuwa kutenga kioo na picha visigusane. Na kadi nene yenye dirisha, tuionayo leo ndani ya fremu nzuri, yafanya kazi ile ile.

Wakati huo huo Mwingereza William Henry Fox Talbot alikuwa akifanya picha juu ya karatasi, na kwa njia yake nakala nyingi ziliweza kutolewa katika asili moja. Lakini haikupita miaka mingi watu wakaona picha za karatasi zinafifia. Mwaka 1855 Chama cha Wapiga Picha cha London kiliweka kamati ichunguze sababu, na Albert, mumewe Malkia Victoria, akatoa pauni 50 kusaidia kazi hiyo. Kamati ikaona ya kuwa picha huharibiwa na dawa ya kuimarishia isiyooshwa vema, na unyevu, na hewa ya mji yenye moshi wa makaa. Yaani, adui wa picha mara nyingi ni kitu kilicho karibu nayo.

Adui mwingine alikuja kwa sura ya rafiki. Mwaka 1844 Mjerumani Friedrich Gottlob Keller alipata njia ya kusaga mti ufanywe karatasi. Karatasi ikawa rahisi, na kadi nyingi za kuwekea picha zikafanywa kwa mti. Lakini karatasi ya namna hii hugeuka kuwa na asidi, yaani ukali kama wa ndimu. Liweke gazeti juani siku chache, utaona linavyogeuka rangi. Ukali huo huhama kutoka katika kadi ukaingia katika picha. Ukifungua fremu ya zamani, huenda utaona mstari wa kahawia umezunguka picha pale pale ukingo wa dirisha ulipolala.

Picha zilifika pwani yetu mapema. James Grant, mwenziwe Speke, alipiga picha Unguja mwaka 1860, baadaye A. C. Gomes, mtu wa asili ya Goa, akafungua nyumba ya kupigia picha huko. Lakini hewa ya joto na unyevu si njema kwa picha. Picha nyingi za karne ya 20 zimepakwa jelatini juu yake. Jelatini ikipata unyevu hulainika kama gundi, na ikikauka hukamata kioo kilichoigusa. Hayo ndiyo yaliyompata mjane wetu: fremu yake haikuwa na kadi ya dirisha.

Basi tukichagua, tukumbuke haya. Kadi ya dirisha na kadi ya nyuma ziwe za pamba au zisizo na asidi, nyeupe, maana rangi huweza kuchuja wakati wa unyevu. Unene wa milimita 1 na nusu watosha kwa picha ndogo. Kama kadi hiyo haipatikani, angalau tuweke vipande vyembamba vya kadi safi pembeni, chini ya ukingo wa fremu, ili kioo kisiguse picha. Tusibandike picha kwa gundi, bali tuishike kwa pembe nne za karatasi. Fremu ya madini ni salama; ya mbao iwe imekauka kabisa, kwa kuwa mbao mbichi hutoa mvuke mkali. Tena tusiitundike penye jua, wala juu ya jiko, wala katika ukuta unaonyonya maji ya mvua. Lililo bora ni kutundika nakala, na asili kuiweka mahali pakavu penye giza.

La mwisho ni kwa ajili ya picha iliyokwisha kushikamana na kioo. Usiivute. Iache pamoja na kioo chake, uipeleke hivyo hivyo ipigwe picha kioo kikiwa juu yake, nakala itapatikana. Lau tungalijua neno hili moja, mama yule angalikuwa na uso wa mumewe hata leo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini uso wa marehemu hauna fundi wa kuujenga tena. Kwa hiyo tuzitazame leo picha zilizo ukutani mwetu, tukaone kama kioo kimezigusa.