Namba ya Mgonjwa: Kutoka Mosoriot Hadi Amukura

Nilikuwa Amukura, Busia, nikiunda programu ya kuandikisha watu wanaohudumiwa na kikundi kimoja cha kijamii. Siku ya tatu mzee mmoja akatokea mara mbili kwenye hifadhidata: Etyang, kisha Etiang. Wateso wako pande zote mbili za mpaka, na jina lile lile huandikwa hivi au vile. Kosa lilikuwa langu: nilitambua watu kwa majina.

Kosa hili si dogo. Kwenye huduma ya ukimwi, rekodi ya mtu ikigawanyika vipande viwili, huonekana kama aliyeacha dawa.

Basi nikarudi kwenye historia, maana wenzetu walishapita njia hii. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, Nandi, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana walianzisha mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa kwa Microsoft Access. Mgonjwa alipewa namba, akapita na karatasi yake chumba hadi chumba, na mwishowe karani akaichapa kwenye kompyuta.

AMPATH, mpango wa tiba ya ukimwi ulioanza Eldoret mwaka huo huo, ulijenga juu ya kazi hiyo. Wagonjwa wakaongezeka na maswali ya madaktari pia. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich, wa Taasisi ya Regenstrief ya Indianapolis, walifika Eldoret na kuona kwamba mfumo ule hautabeba mzigo.

Dawa yao ilikuwa kamusi ya dhana. Badala ya kila swali jipya kudai safu mpya kwenye jedwali, swali lenyewe huandikwa kama data. Hapo ndipo ilipozaliwa OpenMRS, programu huria, na mwaka 2006 AMPATH ikaanza kuitumia. Amukura ni miongoni mwa vituo vilivyoingia katika mpango huo.

Namba nayo ilipewa mlinzi: tarakimu ya ukaguzi kwa kanuni ya Luhn. Chukua 12345, kanuni inatoa 5, hivyo kadi inasomeka 12345-5. Karani akikosea akachapa 12435-5, kompyuta inakataa, kwa sababu hapo ilipaswa kuwa 4.

OpenMRS pia huruhusu mtu mmoja kuwa na namba kadhaa na majina kadhaa. Kwa mpakani hilo ndilo muhimu zaidi: anayevuka Malaba na kuandikishwa ng'ambo hurudi na kadi nyingine mfukoni.

Nimefuta jedwali langu na kuanza upya. Mzee sasa ni mtu mmoja, mwenye majina mawili. Ndugu yangu unayeunda mfumo wa kijiji chako, usianze na kompyuta. Anza na swali hili: huyu aliyesimama mbele yangu, kesho nitamjuaje?