Bahari Inapokupwa Nje ya Saa Yake

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna maneno mengi ya bahari: maji kujaa, maji kupwa, bamvua, maji mafu. Mvuvi akitazama mwezi anakuambia kesho bahari itakupwa saa ngapi. Ila wimbi lililoua watu wapatao 230,000 tarehe 26 Desemba 2004 tunaliita kwa neno la Kijapani, tsunami, yaani wimbi la bandarini. Mimi ni mwandishi wa habari, kazi yangu ni maneno, na pengo hili la msamiati linanisumbua. Jambo lisilo na jina nyumbani, mara nyingi, ni jambo ambalo bibi hakumsimulia mjukuu.

Hebu tuone wimbi hili linavyozaliwa. Mawimbi ya kila siku husukumwa na upepo, na nguvu yake haishuki mbali chini ya uso wa maji. Tsunami huanzia sakafuni. Magharibi ya kisiwa cha Sumatra, nchini Indonesia, bamba moja la ganda la dunia linajipenyeza chini ya jingine. Yalikuwa yamekwamana kwa miaka mingi huku yakisukumana, mpaka asubuhi ile, saa 1:58 kwa saa za kule, yalipoachiana. Tetemeko lilikuwa la ukubwa wa 9.1, na ufa ulikimbia zaidi ya kilomita 1,200. Sakafu ya bahari ikainuka, ikainua maji yote yaliyokuwa juu yake.

Kwenye kina cha mita 4,000, wimbi la namna hiyo huenda kilomita 700 hivi kwa saa, mwendo wa ndege. Huko kilindini halifiki hata mita moja kwa urefu, na nahodha anaweza kupita juu yake asijue. Likikaribia ufukwe linapunguza kasi, maji ya nyuma yanayasukuma ya mbele, na ukuta unapanda. Upande wa magharibi wa Aceh maji yalipanda hadi mita 30 sehemu nyingine. Na haliji mara moja. Nchini Sri Lanka, wimbi la kwanza lilisimamisha treni pale Peraliya, watu wakapanda juu ya mabehewa wakidhani ndiko salama. Wimbi lililofuata, kubwa zaidi, liliizoa treni ile. Walikufa watu wasiopungua 1,000. Inauma zaidi ukikumbuka kwamba tangu tetemeko mpaka maji kufika Sri Lanka zilipita saa mbili hivi. Muda ulikuwepo, ila taarifa haikuwafikia watu wa pwani. Bahari ya Pasifiki ilikuwa na kituo chake cha tahadhari tangu 1949, lakini Bahari ya Hindi haikuwa na mfumo kama huo.

Sasa linganisha na Simeulue, kisiwa kilicho karibu kabisa na chanzo cha tetemeko lile. Maji yaliwafikia kwa dakika chache tu. Kati ya watu karibu 78,000 walikufa saba. Hawakuwa na king'ora. Walikuwa na neno, smong. Mwaka 1907 wimbi kama hilo liliua wengi kisiwani, na waliobaki wakawasimulia watoto wao, wakawaimbia na kuwaimbia tena: ardhi ikitikisika sana, kisha bahari ikijivuta, kimbilia mlimani. Basi 2004 watu walipiga kelele "smong!" na kukimbia. Kwingineko, bahari ilipojivuta, wapo walioshuka ufukweni kutazama na kuokota samaki.

Hapo ndipo roho inaponidunda. Kwetu bahari ikikupwa ni mwaliko. Kina mama hushuka kutafuta pweza na chaza, watoto wanacheza mpira kwenye mchanga uliolowa. Siku ile ya 2004 ilikuwa ya mwezi mpevu, bamvua, na wimbi lilipofika Kenya na Tanzania mchana, maji yalikuwa chini. Hiyo ilikuwa bahati, maana yangekuwa yamejaa madhara yangezidi. Kenya ilikuwa imekwisha kusikia habari, na fukwe za Mombasa zikaondolewa watu. Alikufa mtu mmoja. Tanzania walikufa kama kumi. Somalia, ambako maji yalifika baada ya saa saba hivi, walikufa karibu 300, wengi katika vijiji vya rasi ya Hafun na jirani zake.

Na hii haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2020 watafiti walitangaza walichokikuta katika ghuba ya Pangani: tabaka la mchanga ulioletwa na tsunami miaka 1,000 hivi iliyopita, na ndani yake mifupa ya watu wa kijiji cha Waswahili, isiyo na dalili za vita wala maradhi. Kumbe iliwahi kutukuta, tukasahau.

Leo Bahari ya Hindi ina mfumo wa tahadhari, na hilo ni jema. Lakini ujumbe ukifika ofisini bado lazima umfikie mama aliye mwambani. Tetemeko la Sumatra hatutalisikia miguuni kama watu wa Simeulue, na si kila mara bahari hujivuta kwanza. Pengine huja moja kwa moja. Tunachokijua vizuri ni saa za maji. Basi tuwafundishe watoto jambo moja, darasani na jikoni: maji yakikupwa au yakijaa nje ya saa yake, acha ndoo, acha pweza, panda juu. Na usishuke baada ya wimbi la kwanza.