Pareto ya Busasamana: Ua Lililomega Msitu

Huko Ulaya, kwenye mbuga zenye unyevu na kandokando ya mito, huota mmea mwitu wenye maua ya njano uitwao Pulicaria dysenterica. Jina hilo limetokana na neno la Kilatini pulex, yaani kiroboto, kwa sababu watu wa kale waliuchoma ili moshi wake ufukuze viroboto nyumbani. Sisi wa kaskazini-magharibi mwa Rwanda tunamjua ndugu yake wa ukoo mmoja: pareto, au ibireti kwa Kinyarwanda. Petali zake ni nyeupe, ila kitovu chake ni cha njano, na humo ndimo imo sumu inayoua wadudu.

Wengi wetu tuliokua tukiiona pareto tunadhani ni mmea wa kwetu. Asili yake ni Dalmatia, pwani ya Bahari ya Adriatiki. Kenya ilianza kuilima mwaka 1928, na Wabelgiji wakaileta Rwanda katika miaka ya 1930, kwani hupenda baridi ya milimani. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, Japani ndiyo iliyoongoza kwa kuiuza duniani. Vita vilipofunga njia hiyo, nyanda za juu za Afrika Mashariki zikapata soko.

Lakini historia ya pareto Busasamana na kata jirani za Rubavu ni historia ya ardhi kuliko ya biashara. Mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa fedha za Jumuiya ya Ulaya, serikali ya Rais Kayibanda ilimega takriban hekta 10,000 za hifadhi ya Volkano, karibu asilimia 40 ya hifadhi yote. Hifadhi hiyo ilikuwa imeanzishwa mwaka 1925, ya kwanza barani Afrika. Msitu ukafyekwa, familia zikagawiwa viwanja kwa sharti la kupanda pareto katika sehemu ya shamba. Asiyetimiza sharti alihatarisha kiwanja chenyewe. Kwa hiyo mkulima alipewa ardhi na ua kwa pamoja, wala hakuulizwa kama analitaka.

Kiwanda kikajengwa Ruhengeri mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bahati mbaya ilioje! Mwaka 1973, kiwanda kikiwa bado kipya, wanasayansi wa Rothamsted nchini Uingereza walitangaza permethrini, dawa ya maabara inayoiga sumu ya pareto na isiyoharibiwa upesi na jua. Pareto ya asili ikabaki na soko dogo na bei ya kupanda na kushuka. Msitu, hata hivyo, haukurudi.

Vitabu vya wageni husimulia kisa hiki kwa upande wa sokwe wa milimani, ambao katika safu ya Virunga walipungua kutoka karibu 450 mwaka 1960 hadi karibu 250 mwaka 1981. Siwapingi, ingawa majangili nao walichangia sana. (Hesabu ya 2016 ilipata 604, jambo la kufurahisha.) Ninachokikosa katika vitabu hivyo ni mkulima. Familia iliyokuwa haina ardhi ilipata pa kuishi, na hilo si jambo dogo katika nchi iliyojaa watu kama yetu. Mwanahistoria anayemwita mharibifu wa msitu amesahau ni nani aliyeandika sharti.

Na sharti hilo lilikuwa zito. Viazi mviringo huvunwa baada ya miezi mitatu au minne, vikaliwa au vikauzwa sokoni siku hiyohiyo. Pareto huchumwa ua moja moja kwa mkono, kazi ambayo mara nyingi huwaangukia wanawake, kisha hukaushwa, na kilo nne au zaidi za maua mabichi hutoa kilo moja tu. Mvua ikinyesha wakati wa kukausha, maua huoza. Ukikosa bei, huwezi kuyapika.

Kutoka Busasamana ukielekea Bugeshi utaiona Karisimbi. Kwenye mpaka wa hifadhi kuna ukuta wa mawe ya volkano uliojengwa kuzuia nyati wasishuke mashambani. Nje ya ukuta huo, udongo mweusi umelimwa, viazi kwa wingi, na katikati yake matuta machache ya maua meupe yenye kitovu cha njano.