Chimbuko la Kikao cha Kusimama

Wengi wetu tunaosoma kompyuta hudhani kikao cha kusimama cha kila asubuhi ni mbinu ya wakubwa ya kuhesabu waliofika kazini. Historia yake inasema vingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, James Coplien alichunguza kikundi kidogo cha Borland kilichotengeneza Quattro Pro ya Windows. Aliona kuwa wanakikundi walikutana karibu kila siku, na kazi yao ilikwenda kwa kasi ya ajabu. Jeff Sutherland, aliyeanzisha Scrum katika kampuni ya Easel mwaka 1993, alisoma matokeo hayo akaingiza kikao cha kila siku.

Baadaye kikawekewa dakika 15 na maswali matatu: jana nilifanya nini, leo nitafanya nini, nimekwama wapi. Kwa maoni yangu, maswali hayo ndiyo yaliyokiponza, kwani kila mtu alimgeukia kiongozi na kutoa ripoti. Katika mradi wetu wa darasa, mimi mwenyewe nilisema "sijakwama" siku tatu mfululizo ilhali nimekwama. Niliogopa kupoteza alama. Mwongozo wa Scrum wa 2020 uliyaondoa maswali hayo, ukabakiza lengo la kazi.

Kikao hufaa pale aliyekwama anaposikilizwa na mwenzake anayeweza kumkwamua.